Hotarubi no Mori e: mapenzi ya kushikana fimbo

Tahadhari kwanza: hapa nasimulia mpaka mwisho. Kama hujaisoma manga hii wala kuitazama filamu yake, na unapenda kulia bila kuandaliwa, kaitafute kwanza. Haitakuchukua hata saa moja. Halafu urudi tuongee.

Hotarubi no Mori e ni hadithi fupi ya Yuki Midorikawa, yule yule wa Natsume Yuujinchou. Ilitoka mwaka 2002 kwenye jarida la LaLa DX huko Japani, na mwaka 2011 ikatengenezewa filamu ya anime ya dakika kama 45 iliyoongozwa na Takahiro Omori. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Kuelekea msitu wa mwanga wa vimulimuli". Kisa chenyewe hakina mambo mengi. Mtoto wa kike wa miaka sita, Hotaru, anapotea kwenye msitu wa mungu wa mlima wakati wa likizo ya kiangazi. Anakaa analia. Anatokea kijana aliyevaa barakoa ya mbweha, anaitwa Gin. Hotaru kwa furaha ya kumwona mtu anamkimbilia amkumbatie, na Gin anakwepa. Anakimbilia tena, anakwepwa tena, mpaka mwisho anachapwa fimbo ya kichwa. Ndipo Gin anaeleza: akiguswa na binadamu, anatoweka moja kwa moja.

Basi. Baada ya hapo ni kiangazi baada ya kiangazi. Hotaru anarudi kila likizo, anakua, anafika umri wa sekondari, na Gin anabaki karibu vile vile kwa sababu umri wake unakwenda polepole mno. Wanapendana. Hawagusani.

Watu wengi wanaoisifu wanasema "inaliza". Mimi sababu hiyo hainitoshi, maana hata kitunguu kinaliza. Kuna hadithi kibao za mapenzi na viumbe wa ajabu zinazomtoa mtu machozi halafu kesho yake hukumbuki hata jina la mhusika. Hii nimeitazama mara nne na kuisoma mara mbili, na bado kuna kurasa nikizifikia mkono unasita kufunua. Nimejaribu kujiuliza kwa nini, na jibu langu linaanzia kwenye ile sheria.

Katika hadithi nyingi za aina hii, sheria huwekwa ili mapenzi yaje kuivunja. Kuna laana, busu linakuja, laana inafunguka. Msomaji mzoefu anajua tangu ukurasa wa tatu kwamba mlango wa nyuma upo, kilichobaki ni kuona utafunguliwa lini. Midorikawa hakuacha mlango wa nyuma. Sheria yake inafanya kazi kama mvutano wa dunia: ukiteleza kutoka juu ya mti, dunia haikuulizi ulipanda kwa nia gani. Haimwadhibu Gin, haimjaribu, haimfundishi adabu. Ipo tu. Na kwa sababu ipo tu, kila kitu kidogo kinachofanyika pembeni yake kinapata uzito.

Chukua ile fimbo. Siku ya kwanza Gin anataka kumtoa mtoto msituni bila kumshika mkono, kwa hiyo kila mmoja anashika ncha yake na wanatembea hivyo. Hotaru anasema ni kama wako kwenye miadi ya wapenzi. Ni utani wa mtoto, unapita haraka. Lakini mwaka 2018 Luke Miller na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature utafiti ambao tangu niusome siwezi kuitazama fimbo ile kama fimbo. Waliwapa watu vijiti virefu vya mbao, wakawa wanavigonga sehemu mbalimbali, na kuwauliza wanahisi vimegongwa wapi. Watu walijibu kwa usahihi wa kushangaza, bila kuangalia. Mtikisiko wa mti ukifika kwenye kiganja unabeba taarifa ya mahali ulikoanzia, na ubongo unaisoma karibu kama unavyosoma mguso kwenye mkono wenyewe. Yaani kijiti ulichokishika kinakuwa sehemu ya hisia zako. Wasioona wanaotembea na fimbo nyeupe walilijua hili zamani, hawakusubiri maabara.

Kwa hiyo wale wawili walikuwa wanagusana tangu siku ya kwanza. Mguso wa mbali, wa mtikisiko, usio na joto. Ulichokosa ni aina nyingine kabisa ya mguso, na hapa kuna sadfa inayonifurahisha. Mwaka huo huo wa 2002, Håkan Olausson na wenzake walichapisha habari za mgonjwa aliyekuwa amepoteza zile nyuzi nene za neva zinazoleta taarifa za kawaida za mguso. Ulipompapasa polepole mkononi kwa brashi laini, hakuweza kukueleza kwa uhakika brashi inaelekea upande gani. Lakini alihisi kitu, hafifu, cha kupendeza. Kilichobaki kikifanya kazi ni nyuzi nyembamba zisizo na ala ya mielini, zinazosafirisha ishara kwa mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Nyuzi hizi zinaitikia vizuri zaidi zikipapaswa kwa kasi ya sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na kwa joto la ngozi. Si kasi ya kukagua kitu. Ni kasi ambayo mama hupapasa mgongo wa mtoto bila kufundishwa na mtu.

Tuna mifumo miwili basi, mmoja wa kujua nini kimekugusa na mwingine wa kuhisi kwamba umeguswa na mtu. Fimbo, kitambaa, barakoa, vyote vinaupitisha ule wa kwanza. Wa pili unahitaji ngozi. Sidai kwamba Midorikawa alikuwa anasoma majarida ya neva. Ninachodai ni kwamba aliona kwa jicho la mchoraji tofauti ambayo wengi wetu hatuioni mpaka tukae mbali na watu wetu kwa muda mrefu, tukiwasiliana nao kila siku kwa simu na bado kuna kitu hakijajaa.

Na Gin mwenyewe alikuwa nani? Baadaye tunaambiwa hakuwa pepo wa kuzaliwa. Alikuwa kichanga cha binadamu kilichotupwa msituni, na mungu wa mlima akamwonea huruma, akamshikilia asife kwa uchawi. Kwa maneno mengine, ni mtoto ambaye hakuna mtu aliyempakata. Hadithi inalitaja hili kwa maneno machache na kuendelea na safari. Mwandishi mwingine angelikalia kwa kurasa kumi.

Nitoke nje ya njia kidogo. Jina Gin linatamkwa kwa g ya "gari" na maana yake ni madini ya fedha, ila ukiliona kwenye karatasi huku umelelewa pwani yetu, akili inakwenda kwa jini. Na jini mpenzi tunamjua: jini mahaba, mwenye wivu, anayedai, anayezuia ndoa za watu. Pengine ndiyo maana hadithi hii iliniingia kwa mshangao. Gin hadai chochote. Msichana ana maisha yake ya shule huko mjini, na anayekaa kusubiri mwaka mzima ni yule kiumbe wa msituni.

Sasa tuje kwenye mwisho, maana ndipo wengi wanapolalamika. Hotaru na Gin wanakwenda kwenye tamasha la mapepo usiku, wamefungana mikono kwa kitambaa. Mtoto mmoja anateleza, Gin anamdaka. Kumbe mtoto yule ni binadamu. Vidole vya Gin vinaanza kugeuka mwanga. Malalamiko ni kwamba hiyo ni bahati mbaya ya kupachikwa, mwandishi alihitaji msiba akautoa mfukoni.

Sikubali, na ushahidi uko nyuma kidogo. Hotaru akiwa mdogo aliwahi kuanguka kutoka kwenye mti, Gin akanyoosha mikono kumdaka kisha akairudisha. Hotaru hakukasirika. Alimtaka aahidi kwamba vyovyote itakavyokuwa, asimguse. Tangu siku ile Gin amejizoeza, miaka na miaka, kuizuia mikono yake mbele ya binadamu mmoja. Lakini kwenye tamasha lile mapepo huvaa sura za watu, kwa hiyo kwake kila anayemwona ni pepo. Hakuna anachokizuia. Mkono unakwenda wenyewe, kama wa yeyote kati yetu mtoto akiteleza mbele yake. Aliyefanya kazi maabara anaulewa msiba huu vizuri: kipimo hakikukosewa, sheria haikubadilika, kilichoanguka ni dhana ambayo hakuna aliyefikiria kuihakiki kwa sababu siku zote ilikuwa sahihi.

Na linalofuata ndilo linalonimaliza. Gin anamwita Hotaru aje, kwa kuwa sasa anaweza kumkumbatia, na Hotaru anakimbia kwa uso wa furaha. Ni ile ile mbio ya mtoto wa miaka sita, safari hii bila kukwepwa.

Kuhusu vimulimuli. Hotaru kwa Kijapani ni kimulimuli. Yule maarufu wa Japani, Genji-botaru, huishi miezi mingi chini ya maji ya vijito akiwa buu, anakula konokono, kisha anapopata mbawa anabaki na wiki moja au mbili tu, hali kitu, anakunywa umande na kumulika akitafuta mwenza. Mwanga wake unatokana na kemikali iitwayo lusiferini inayoungana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya, na karibu hautoi joto lolote, tofauti na balbu za zamani zilizokuwa zinaunguza vidole. Jina la mdudu wa maisha mafupi kapewa msichana anayebaki hai, huku anayegeuka mwanga ni mwenzake. Kwenye manga nyeusi na nyeupe mwanga ni karatasi iliyoachwa bila wino, na Midorikawa, mwenye mistari myembamba na nafasi nyeupe nyingi, hapo yuko nyumbani kabisa. Filamu ina rangi na sauti za nyenje, nzuri sana, lakini kwa ukurasa ule mmoja mimi nachagua karatasi.

Lipo jambo moja siwezi kulitetea lote. Wanakutana msichana akiwa na miaka sita na kijana ana sura ya mtu mzima mtarajiwa. Hadithi inajitahidi: kwa miaka mingi Gin ni kama kaka tu, na mapenzi yanaanza pale umri wa sura zao unapokaribiana. Hata hivyo mpito wenyewe unafanyika kati ya kiangazi kimoja na kingine, mahali ambapo sisi hatupo, na ningependa Midorikawa atupe walau kurasa mbili za kuuona. Mapepo wengine nao wamechorwa vizuri halafu hawapewi kazi, isipokuwa kumwonya Gin mara kwa mara na, mwishoni, kumshukuru Hotaru. Wanamwambia walitamani kuwa na Gin siku zote, ila yeye alikuwa anataka kukumbatiwa na binadamu. Wao kumgusa walikuwa wanaweza, miaka yote ile.