Meno ya Wakazi

Mdogo wangu ana mji wa wakazi 28,000 na hataki mtu mwingine ahamie. Si kwamba ardhi imekwisha. Ng'ambo ya mto kuna bonde zima tupu, na daraja la kuvukia ameshalijenga. Ila anajua wakifika 30,000 laptopu yangu itaanza kusuasua, magari yatakwenda kwa kurukaruka, na feni italia mpaka mama aulize kutoka chumbani kwake nani anasaga nini usiku huu. Kwa hiyo anapunguza. Anazima vivuli, anashusha ubora wa picha, anafunga kila kitu kingine kilicho wazi, tasnifu yangu ikiwemo, kisha anaiegemeza laptopu juu ya kamusi mbili ipate hewa kwa chini. Nafasi inayobaki ndiyo anayojengea mji.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba, ya kazi za ofisini, tuliinunua Kariakoo nilipoanza shahada ya uzamili. Ina RAM ya GB 8 na haina kadi ya michoro ya peke yake. Picha zinachorwa na kipande kidogo kilichomo ndani ya prosesa. Kwa kuandika sura ya pili ya tasnifu inatosha na kubaki. Mchezo ni Cities: Skylines, uliotolewa Machi 2015 na Colossal Order, studio ndogo ya mjini Tampere, Finland. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita na anaomba nafasi ya kusoma mipango miji. Sijui kama mchezo ndio uliomtia hamu hiyo au hamu ndiyo iliyompeleka kwenye mchezo. Ninachojua ni kwamba hadi sasa hana meza nyingine ya kuchorea.

Juzi aliniuliza kuhusu toleo la pili, lililotoka tarehe 24 Oktoba 2023. Tukakaa kitandani tukasoma pamoja jedwali la mahitaji ya kompyuta, kama lilivyokuwa siku lilipotoka. Alipofika mstari wa kadi ya michoro akanyamaza kidogo.

“Dada, hapa sisi hatumo.”

Sentensi hiyo imenikaa kichwani kuliko nadharia zote nilizosoma muhula huu. Sisi wa fasihi tunafundishwa kumtafuta msomaji anayekusudiwa. Tunampekua katika lugha, katika yale ambayo mwandishi ameyaeleza na yale aliyoona hayana haja ya kuelezwa. Ni kazi ya kubahatisha kwa adabu. Mchezo wa kompyuta haukupi shida hiyo. Una jedwali, na jedwali linamtaja mtu wake waziwazi: awe na prosesa hii, kumbukumbu kiasi hiki, kadi hii au iliyo juu yake. Wahakiki wa michezo hulipita haraka. Wanasifu muziki, hadithi, uhuru wa mchezaji, kisha mwishoni wanaweka aya moja kuhusu “utendaji”, kana kwamba kwenda au kutokwenda kwa mchezo ni suala la fundi bomba.

Tusome jedwali basi. Kima cha chini cha Cities: Skylines II kilikuwa kadi ya GTX 970, ya mwaka 2014. Iliyopendekezwa ilikuwa RTX 3080, ya mwaka 2020, ambayo ilipoingia sokoni bei yake ilitangazwa kuwa dola 699, kadi peke yake, kabla hujanunua mashine ya kuichomeka. Tena hayo ni mahitaji yaliyopandishwa. Mwanzo walikuwa wametaja GTX 780 kwa chini na RTX 2080 Ti kwa juu. Wiki chache kabla ya kutoa mchezo wakabadilisha. Ilipobaki kama wiki moja, studio ikatoa taarifa kwamba haijafikia kiwango cha utendaji ilichojiwekea, na kwamba mchezo utatoka hivyo hivyo.

Sasa linganisha na watu wenyewe. Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, huendesha kila mwezi uchunguzi wa hiari wa mashine za wateja wake. Kwa miaka kadhaa kadi iliyoongoza ilikuwa GTX 1060, ya mwaka 2016. Ilipoondoka kileleni mwishoni mwa 2022, iliyoirithi haikuwa ya kifahari. Ilikuwa GTX 1650, kadi ya bei ya chini ya mwaka 2019, ambayo haiizidi nguvu ile GTX 970. Yaani kadi iliyokuwa mikononi mwa wachezaji wengi kuliko nyingine zote ilisimama palepale kwenye kizingiti cha mlango, au nyuma yake kidogo. Na hao ni wateja wa duka la dunia nzima. Ule usemi wa “mchezaji wa kawaida” mwenye mashine inayowaka taa za rangi ni picha ya matangazo tu.

Siku chache baada ya mchezo kutoka, mhandisi mmoja wa programu alichukua zana ya kuchunguza jinsi kadi inavyochora kila picha, akaandika uchambuzi mrefu ambao mimi nauhesabu kuwa kazi nzuri ya uhakiki, ingawa mwenyewe sidhani angeuita hivyo. Alikuta kwamba wakazi wa mji wana meno. Si rangi nyeupe iliyopakwa mdomoni. Ni meno yaliyofinyangwa kwa maelfu ya vipeo, ndani ya vinywa visivyofunguka, kwa watu ambao mchezaji huwatazama kutoka juu kama mwewe. Kawaida ya kazi hii ni kitu kimoja kuwa na maumbo kadhaa: la karibu lenye maelezo yote, na la mbali lililorahisishwa, kwa sababu mtu aliye umbali wa mtaa mzima anachukua nukta chache tu za skrini. Wakazi hawakuwa na maumbo ya mbali, na studio yenyewe ilikiri hilo. Palikuwa pia na rundo la magogo lenye vipeo zaidi ya 100,000.

Mtandao ulicheka meno, nami nilicheka. Lakini ukiusoma uchambuzi mpaka mwisho, meno si mkosaji mkuu. Vivuli vilikula muda mwingi zaidi, na chini ya yote palikuwa na uamuzi wa kujenga juu ya teknolojia mpya ya injini ya Unity ambayo upande wake wa uchoraji haukuwa umekamilika, hivyo timu ya watu kama 30 ikabidi ijazie mapengo yenyewe. Siwezi kuwacheka watu waliolemewa. Ninaijua hali ya kukabidhi sura ya tasnifu ukijua fika kwamba haijaiva.

Niseme pia kwamba sijaucheza mchezo huo. Kwa mhakiki ni kasoro, nakubali. Lakini uhakiki ulioachiwa wenye RTX 3080 peke yao nao una kasoro, ila hiyo haizungumzwi.

Muda katika michezo huhesabiwa kwa fremu. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 16 na ushei. Ndani ya muda huo kompyuta isikilize vidole vyako, isogeze kila gari, iamue nani anakwenda kazini, ichore nyumba, taa, mvua, kivuli cha mwembe, kisha ianze upya. Niliposoma namba hiyo mara ya kwanza nilitabasamu, maana 16 naifahamu. Tarbia ya kawaida ina mizani 16 katika kila mshororo, 8 za ukwapi na 8 za utao. Mshairi ana neno zuri sana, linafaa kabisa mahali pake, ila lina silabi moja zaidi. Hana pa kuliweka. Atafute jingine, au akubali shairi lake liitwe guni. Na hakuna mwenye akili atakayesema kuhesabu mizani ni kazi ya fundi, inayofuata baada ya ushairi kumalizika. Kuhesabu ndiko kunakomlazimisha aamue kipi ni cha lazima.

Ukitaka kuona kuhesabu huko kukifanywa na watu wanaokupenda, tazama Factorio, mchezo wa viwanda wa Wube Software ya Prague, uliokamilika rasmi Agosti 2020. Kazi yako ni kupeleka madini na bidhaa juu ya mikanda, na kiwanda kikikua una vitu malaki vinavyotembea kwa wakati mmoja. Njia ya wazi ni kukisogeza kila kitu, mara 60 kwa sekunde. Wao wameeleza katika makala zao za Ijumaa kwamba waliiacha njia hiyo. Vitu vilivyo kwenye mkanda mmoja vinakwenda kwa mwendo ule ule, kwa hiyo umbali kati ya kimoja na kinachofuata haubadiliki. Basi hifadhi umbali huo, ubadilishe pengo la mbele peke yake, na foleni nzima imesogea bila kuguswa. Vivyo hivyo mkono wa mashine usio na cha kuokota hulazwa usingizi, haukaguliwi mpaka kitu kifike. Nilimsomea mdogo wangu. Akasema hivyo ndivyo foleni ya Ubungo ingetakiwa kuhesabiwa. Sikuwa na la kumjibu, lakini nilielewa kwamba ameelewa.

Ninachokipenda katika ule mkanda ni kwamba hakuna kilichopunguzwa. Mchezaji bado anaona kila kipande cha shaba kikipita. Wanaotetea michezo mizito husema kwamba tamaa ya sanaa lazima ivunje mashine za leo, kwamba mashine za kesho zitafika, na kwamba ukimsubiri mwenye kompyuta dhaifu hutasonga. Kuna ukweli humo. Mwaka 2007 Crysis ililemea karibu kila mashine iliyokuwapo, na leo inakumbukwa kwa heshima. Studio ya Tampere nayo ilijitetea kwamba mchezo wa kujenga mji hauhitaji kasi ya mchezo wa kupigana, na kwamba lengo lake lilikuwa fremu 30. Hoja hiyo naikubali. Mdogo wangu angezipokea 30 kwa mikono miwili. Nisichokikubali ni kuita tamaa kile ambacho ni kutohesabu. Hakuna aliyeota ndoto ya kisanii kuhusu meno ndani ya mdomo uliofungwa. Yaliingia kwa sababu hakuna aliyesimama kwenye mshororo huo akauliza: hili neno ni la nini?

Na ule uchunguzi wa Steam, ambao watengenezaji huutazama ili kujua wawahesabie akina nani, una tundu lake. Unawahesabu waliokwisha kuingia dukani wakiwa na mashine zao. Mtu aliyesoma jedwali akafunga ukurasa haonekani kama mnyonge mwenye kadi dhaifu, haonekani kabisa. Anayecheza kwa saa mbili usiku kwenye laptopu ya dada yake anaonekana kama dada yake, mwenye shahada, ambaye kwa mujibu wa kumbukumbu za duka anapenda sana mizunguko ya barabara. Kadiri mahitaji yanavyopanda ndivyo waliobaki ndani wanavyokuwa na mashine bora, na takwimu zinarudi zikisema kwamba wachezaji wameboresha vifaa vyao.

Kuna kazi ambayo imehama hapa. Kupunguza ambako studio haikufanya hakukufutika, kumekwenda kufanywa na mwingine, nyumbani, bila zana. Hata kwa mchezo wa kwanza, ambao haukuwahi kuahidi chochote kwa laptopu ya ofisini isiyo na kadi, mdogo wangu amekuwa mhandisi wa aina fulani. Anajua miti ya bustani inakula nini. Anajua kwamba kituo kimoja cha basi kilichowekwa vizuri kinaondoa magari mia barabarani, na magari mia yakiondoka fremu zinarudi, kwa hiyo mji wake una usafiri wa umma kuliko mji wowote niliowahi kuishi. Katika barua yake ya maombi aliandika kwamba anapenda miji inayobana matumizi. Sijui kama wasomaji wa barua hiyo watajua maneno hayo yametoka wapi.

Jana usiku, nilipokuwa nasubiri anirudishie mashine nimalizie makala hii, nilimuuliza kama amewahi kuwasogelea wakazi wake akaona kama wana meno. Hakugeuka hata kunitazama.

“Dada, nikisogea karibu hivyo feni inaamsha mama.”