Saraka ya Betri: Usomaji wa Matini ya Nishati katika Linux

Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, kuna mitambo ya umeme ya megawati 80. Kihansi, kwenye miteremko ya Udzungwa, kuna mingine ya megawati 180. Hata hivyo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, sawa na mwenzake wa Mkwawa mjini Iringa, hupanga kazi zake akijua kwamba umeme unaweza kukatika wakati wowote, na kwamba kompyuta mpakato aliyoinunua ikiwa imeshatumika ina betri iliyochoka. Kwa anayetumia Linux, hali ya betri hiyo imeandikwa katika saraka moja, kwa kawaida /sys/class/power_supply/BAT0, na hoja ya uhakiki huu ni kwamba saraka hiyo ni matini iliyotungwa kwa ustadi, nayo humfaa zaidi yule anayeisoma kwa kuzingatia umbo lake.

Mfumo wa sysfs, ambamo saraka hii imo, ulikuja na kerneli ya Linux toleo la 2.6 mwezi Desemba 2003, na kanuni yake kuu ya utunzi ni faili moja, thamani moja. Ubanaji huu huondoa kila kivumishi na kila maelezo, ukaacha maana ibebwe na majina na uhusiano wa majina hayo. Faili energy_full_design hutaja nishati ambayo betri ilisanifiwa kuibeba. Faili energy_full hutaja inayoweza kubebwa leo. Faili energy_now hutaja iliyomo saa hii. Ahadi, uwezo na hali vimetenganishwa, kila kimoja kikasimama peke yake, na kazi ya kuvilinganisha ikaachiwa msomaji.

Tuchukue mfano: faili ya kwanza isome 48000000, ya pili na ya tatu 21600000. Kipimo ni sehemu za milioni za wati-saa, kwa hiyo betri iliyosanifiwa kubeba wati-saa 48 sasa inabeba 21.6, yaani asilimia 45 ya ahadi yake. Lakini faili capacity itaandika 100, na wala haitakuwa imedanganya, kwa kuwa hupima kilichomo dhidi ya uwezo wa leo, si dhidi ya usanifu. Debe lililobonyea pale sokoni Mwanjelwa nalo hujaa hadi ukingoni. Faili power_now ikisoma 10800000, yaani wati 10.8, kazi itadumu saa mbili, ambapo betri mpya ingekaribia saa nne na nusu. Asilimia ionekanayo kwenye kona ya kioo ni muhtasari tu. Hoja kamili imo katika faili zenyewe.

Matini hii ina kasoro zake, na uhakiki wa haki hauzifichi. Faili cycle_count ikisoma 0, mara nyingi maana yake ni kwamba betri haitoi hesabu ya mizunguko, si kwamba ni mpya. Ukimya umevikwa vazi la tarakimu. Baadhi ya mashine hutumia charge_full badala ya energy_full, zikihesabu ampea-saa, na msomaji asiyeliona badiliko hilo atalinganisha vipimo visivyolingana. Faili status, kwa upande wake, huzungumza kwa maneno: Not charging si sawa na Discharging, kwani ya kwanza yaweza kutokana na kikomo cha chaji kilichowekwa makusudi, au na chaja isiyo na nguvu ya kutosha.

Matini ya pili ni kumbukumbu za kerneli, nazo zimejengwa kwa jozi: PM: suspend entry hufungua usingizi wa mashine, PM: suspend exit huufunga. Msafiri aliyefunika kompyuta stendi ya Mbeya akaikuta Iringa imekwisha chaji, baada ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Makambako na Mafinga, aanzie hapo kwa amri journalctl. Asipoona mstari wa kufungua, mashine haikulala kabisa. Akiona jozi nyingi zikifuatana, kuna kifaa kinachoiamsha, na orodha ya vifaa viwezavyo kufanya hivyo imo katika /proc/acpi/wakeup. Akiona ufunguzi usio na ufungaji, kisha kuwaka upya, matini inaruhusu tafsiri mbili: chaji iliisha usingizini, au mashine iliganda ilipojaribu kuamka.

Tafsiri ya kwanza hupimwa kwa faili /sys/power/mem_sleep, ambayo huweza kusoma [s2idle] deep. Mabano huonyesha chaguo linalotumika, huku lililoachwa likibaki pembeni yake, hivyo mstari mmoja unaeleza hali iliyopo na njia ya kuibadili. Katika deep karibu kila kitu huzimwa, kumbukumbu ya muda (RAM) ikabaki na umeme. Katika s2idle akiba hutegemea kila kifaa kukubali kutulia.

Huu ni utunzi unaomheshimu msomaji: haumpi hukumu, humpa ushahidi uliopangwa vizuri. Kwa hiyo, kabla hujamlipa fundi au kununua betri nyingine, fungua energy_full na energy_full_design, uzisome pamoja. Na muuzaji akikuonyesha asilimia 100, mwombe akufungulie faili hizo mbili.