Kiwanda cha Sofala na Bepari wa Kilwa: Istilahi katika Mswada wa Historia ya Dunia

Mswada wa kitabu cha historia ya dunia kwa shule za sekondari uliletwa ofisini kwetu ili lugha yake ihakikiwe. Unaanzia kwenye biashara ya Bahari ya Hindi katika karne ya 12 na kukomea kwenye reli na mitambo ya mvuke ya karne ya 19. Mwandishi wake, ambaye hapana haja ya kumtaja, ni mtu aliyesoma sana, na Kiswahili chake ni fasaha. Sentensi zake hazinuki tafsiri. Yafaa nilitangulize hilo, maana yatakayofuata aghalabu ni lawama. Makosa ya mswada huu si ya sarufi. Ni ya istilahi, tena ni ya aina inayopotosha historia yenyewe, hata mwanafunzi mwenye bidii akaandika katika mtihani jambo ambalo halikupata kutokea. Na wale wadaio kwamba Kiswahili hakitoshi kufundishia somo hili hawatahitaji ushahidi mwingine zaidi ya mswada kama huu ukipigwa chapa ulivyo.

Nianze na neno kiwanda. Katika sura ya Wareno twasoma kwamba mwaka 1505 walijenga ngome na kiwanda huko Sofala. Sura mbili mbele twaambiwa kwamba Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India ilikuwa na kiwanda huko Surat katika karne ya 17. Kisha, katika sura ya Uingereza, Richard Arkwright anajenga kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba huko Cromford mwaka 1771, na mwandishi anaeleza, kwa haki kabisa, kwamba hilo lilikuwa jambo jipya duniani. Jipya vipi, atauliza mwanafunzi, ikiwa Sofala ilikuwa na kiwanda miaka 266 kabla yake?

Chanzo cha kosa hili ni dhahiri. Kiingereza kina neno moja ambalo hapo zamani lilitaja nyumba ya mawakala wa biashara katika nchi ya ugeni, sawa na feitoria ya Wareno. Baadaye neno lilo hilo likahamia kwenye jengo lenye mashine. Mfasiri aliyezoea maana ya pili akaipachika kwenye ya kwanza. Nyumba ile ya Sofala haikujengwa kwa ajili ya kutengeneza kitu chochote. Alikaa humo wakala wa mfalme wa Ureno pamoja na makarani wake, na ndani mlikuwa na nguo za Gujarat na shanga za kubadilishia dhahabu iliyotoka bara. Kiswahili kina bohari, kina ghala, na kina wakala. Mimi napendekeza tuseme bohari ya uwakala. Mjumbe mmoja wa kamati alitaka tutohoe neno la Kireno lilivyo, nami sioni sababu: kutohoa ni dawa ya upungufu, na hapa hatuna upungufu wowote.

Hata baada ya kuitoa Sofala na Surat, bado kiwanda hakijatulia. Katika Kiswahili cha zamani kiwanda ni mahali popote ambapo mafundi hufanya kazi, hata kama ni uwanja mtupu chini ya mwembe ambapo jahazi linaundwa. Pia tunalo karakana, tulilolipata kutoka Bara Hindi. Mswada unayatumia yote mawili bila mpango: mfumaji wa Cairo ana kiwanda, mhunzi wa Uingereza ana karakana, na Arkwright naye mara ana hiki, mara ana kile. Ilhali tofauti hiyo ndiyo kiini cha sura nzima. Katika karakana fundi ni bwana wa kazi yake, na ala ni zake. Cromford ilikuwa na gurudumu lililozungushwa na maji, na wafanyakazi, wengi wao wanawake na watoto, waliingia na kutoka kwa zamu, mchana na usiku, wakiifuata mashine. Maadam maneno mawili yapo, na tuyagawie kazi: karakana iwe ya fundi, kiwanda kiwe cha mashine.

Sasa nije kwa bepari, neno ambalo kwa maoni yangu limefanya madhara makubwa kuliko yote. Asili yake ni Gujarat, ambako vepari ni mfanyabiashara tu, wala hana sifa mbaya. Kwa maana hiyo liliingia pwani yetu, na kamusi za zamani hulifasiri hivyo. Lakini lugha haikusimama hapo. Azimio la Arusha la 1967 lilipomtaka kiongozi asishiriki katika jambo lolote la kibepari au la kikabaila, halikuwa likiwasema wauza nguo wa Mtaa wa Uhindini. Lilitaja mfumo mzima wa uchumi. Tangu hapo bepari ni mwenye mali anayeishi kwa jasho la mwingine.

Mwandishi wetu analitumia kwa maana zote mbili, bila kumwonya msomaji. Ibn Battuta anafika Kilwa mwaka 1331 na kuwakuta mabepari. Mabepari wa Venice wananunua pilipili Alexandria. Mabepari wa Manchester wanawaajiri watoto. Mwanafunzi atahitimisha kwamba ubepari ulikuwako Kilwa Kisiwani zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na ya kwamba tangu hapo hadi Manchester hapakubadilika kitu ila mahali. Hilo si kweli hata kidogo. Mfanyabiashara wa Kilwa alipata faida kwa sababu dhahabu ilikuwa rahisi Sofala na ghali ng'ambo. Hakumiliki machimbo, hakumwajiri mchimbaji, wala hakuijua sana njia iliyopita dhahabu hiyo hadi ikafika pwani. Mwenye kiwanda wa Manchester aliimiliki mashine, na faida yake ilizaliwa mle mle ndani, katika saa za kazi. Historia ya dunia katika kipindi hiki ni maelezo ya jinsi tulivyotoka kwa yule wa kwanza tukafika kwa huyu wa pili. Kuwaita wote bepari ni kuyafuta maelezo yenyewe.

Neno la kumtaja yule wa Kilwa halikosekani. Ibn Battuta mwenyewe, alipoeleza jinsi kila mfanyabiashara aliyefika Mogadishu alivyopokewa na mwenyeji wake akauziwa bidhaa zake, alitumia neno la Kiarabu ambalo kwetu limekuwa tajiri. Hilo nalo limehama, kwani siku hizi tajiri ni mwenye fedha nyingi, au mwajiri katika mdomo wa kibarua, kwa hiyo silipendekezi. Mfanyabiashara latosha, ingawa ni refu. Mchuuzi tumwachie anayetembeza bidhaa kidogo kidogo.

Mengine niyapite upesi. Mswada waandika pepo za monsuni, neno ambalo Wareno walilichukua kutoka kwa Kiarabu, Waingereza wakalichukua kwa Wareno, nasi tunalipokea kama geni ilhali tunalo msimu, lililotoka katika asili ile ile, pamoja na kaskazi na kusi, ambayo kila nahodha aliyajua kabla ya vitabu. Waandika bili ya mabadilishano pale ambapo hundi ingetosha. Hundi ndiyo karatasi hasa ambayo wafanyabiashara wa Bara Hindi waliitumia kulipana mbali bila kusafirisha fedha. Na waandika kitambaa cha pamba cha Marekani kisichopaushwa. Hicho ni merikani! Nguo zilizofumwa kwa mashine katika viwanda vya Massachusetts zilifika Unguja kwa merikebu za Salem, na merikebu hizo zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Kwa neno hilo moja mwanafunzi wa Tabora angeuona umeme wa mabadiliko ya Ulaya na Marekani ukifika mlangoni kwa babu yake. Mwandishi amelitupa.

Kuhusu ukabaila na umwinyi sina hukumu kali. Mswada umechagua ukabaila kwa mfumo wa Ulaya ambao bwana alimgawia askari wake ardhi ili amtumikie vitani, na mkulima akafungwa na ardhi hiyo. Neno lina kasoro, maana kabaila ni mtu wa nasaba bora, na nasaba si ardhi. Lakini umwinyi una kasoro hiyo hiyo, na zaidi ya hayo humkumbusha msomaji Mwinyi Mkuu wa Unguja, ambaye hali yake ilikuwa nyingine. Ukabaila umekwisha kuenea; na ubaki. Ila mwandishi asiutumie kuelezea kila utawala wa kifalme uliopata kuwako barani Afrika, kama afanyavyo katika sura ya nne.

Limebaki Mapinduzi ya Viwanda. Mapinduzi ya serikali maana yake serikali imepinduliwa. Mapinduzi ya Wafaransa ni yale waliyoyafanya Wafaransa. Basi mapinduzi ya viwanda ni yapi? Kwa mfano wa kwanza, waliostahili kusemwa wameyafanya ni wale wafumaji wa Kiingereza waliovunja mashine kuanzia mwaka 1811! Isitoshe, msomaji wetu aliyezoea Mapinduzi ya Januari 1964 hutarajia jambo la usiku mmoja, na hili lilichukua miaka isiyopungua themanini. Hata hivyo sitaki tulibadili. Hata Ulaya neno hilo ni sitiari iliyoazimwa kutoka katika siasa, na lilienea sana kwa mihadhara ya Arnold Toynbee iliyochapishwa mwaka 1884, mambo yenyewe yakiwa yamekwisha kupita. Linalotakiwa ni aya moja ya maelezo mwanzoni mwa sura, na mswada hauna hata sentensi.

Mswada umerudishwa kwa mwandishi pamoja na orodha ya istilahi 41. Moja hatukuweza kuiamua: jina la hali ile ya kati, karne za 16 hadi 18, ambapo mali ya wafanyabiashara ilianza kumiliki meli, mashamba ya miwa na watumwa, lakini bado haikumiliki mashine. Mwandishi ameandika ubepari wa kibiashara. Kwa asili ya neno bepari, hilo ni sawa na kusema biashara ya kibiashara. Kwa maana ya leo, linaeleweka. Kamati imegawanyika. Wasomaji, hasa walimu wa historia, wanaombwa kuleta mapendekezo yao kwa maandishi kabla ya kikao kijacho.