Shilingi Bilioni 7 Zilizoipita Gorogoro

Kosa la Julai 20, 2022 halikuwa bei. Shilingi 100 ilikuwa bei nzuri, na kila mwenye sufuria mekoni aliifurahia. Kosa lilikuwa pakiti. Watu walikaa mezani, wakaitazama nchi iliyolemewa na gharama ya chakula, kisha wakaamua kwamba fedha za kumwokoa asiye nacho zitiwe ndani ya mfuko wa karatasi wa kilo mbili, unga uliokobolewa, wenye chapa ya kiwanda, unaopangwa kwenye rafu ya supamaketi. Uamuzi huo mmoja uliharibu yote mengine yaliyofanywa wiki ile. Haujachambuliwa inavyostahili, kwa kuwa kila tunapoigusa ruzuku ya unga mazungumzo hukimbilia kura za Agosti 9 mwaka ule. Leo kura nimeziweka kando. Nataka tuipige hesabu ile kama anavyoipiga mama mwenye shilingi za leo peke yake.

Mliona wenyewe. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba pakiti iliyokuwa ikiuzwa 205 ishuke hadi 100, kuanzia papo hapo. Ushuru wa reli na ada ya uagizaji vikasimamishwa kwa mahindi ya kutoka nje, jambo la busara ambalo lingefaa zaidi kama lingefanywa mapema. Wenye viwanda wakakubali, nayo serikali ikaahidi kuwafidia. Mpango ukawa wa wiki nne. Baada ya hapo mnakumbuka kilichofuata: rafu tupu, kibandiko cha bei mpya kimebaki bila bidhaa, na pale unga ulipoonekana, mteja akaambiwa achukue pakiti chache tu ili wengine nao wapate.

Sasa niulize swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya kalamu kushikwa. Ni nani hununua unga wa pakiti? Kwa sehemu kubwa ni mwenye mshahara wa mwezi, anayefanya shopingi tarehe moja na kujaza kabati. Mtaani wapo pia wanaoinunua, hasa siku ambayo stima imepotea na mashine ya posho imenyamaza. Lakini yule mwenye bajeti finyu kabisa, wa Mukuru, wa Nyalenda kule Kisumu, wa kijiji chochote cha Ukambani, huiacha pakiti. Hununua mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, akayapeleka mashine, akalipa shilingi chache za kusaga, akarudi na unga wake. Au hununua unga wa posho wa kupimiwa, nusu kilo, robo, kadiri ya kilichopatikana siku hiyo. Huyo ndiye aliyetajwa katika kila hotuba. Fedha zilipotoka zikapita barabara nyingine.

Na serikali haikukosa habari zake. KNBS, shirika la taifa la takwimu, katika taarifa yake ya bei ya kila mwezi, huandika mahindi ya kupimwa kwenye mstari wake, unga wa kupimwa kwenye wake, na unga wa pakiti kwenye wake. Jedwali lilikuwepo ofisini. Anayelisoma huona mara moja kwamba kuna masoko mawili ya chakula kimoja, na kwamba moja ni la bei ya chini na ndilo la mnyonge. Ukitaka kumsaidia mnyonge, unatia fedha kwenye mstari wake.

Tupige hesabu. Gunia la kilo 90 lina kilo mbili mbili 45. Julai ile gunia lilikuwa limepita shilingi 5,000, nami nitatumia 6,000 nisije nikaambiwa nimependelea upande wangu. Hiyo ni takriban shilingi 133 kwa kilo mbili za nafaka. Ongeza faida ya muuzaji, ongeza ada ya mashine, bado hujaikaribia 205. Maana yake ni kwamba mama wa gorogoro, bila msaada wa mtu yeyote, alikuwa tayari ameipiga chini bei ya dukani. Kwa akili yake mwenyewe alikuwa amefanya sehemu kubwa ya kazi ambayo serikali ilikuwa inakuja kuifanya kwa mabilioni.

Tuyatazame basi hayo mabilioni. Rais aliyemrithi Kenyatta, alipoapishwa Kasarani Septemba 13 mwaka huo, alisema mpango ule ulimeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila matokeo. Kila pakiti ilibebewa shilingi 105. Gawanya: ni kama pakiti milioni 67, yaani kilo milioni 133, tukichukulia kwamba kila shilingi ilifika ilikotumwa. Chukua sasa bilioni 7 hizo hizo, ukate nusu ya bei ya gunia badala ya nusu ya bei ya pakiti. Kwa gunia la 6,000 utabeba 3,000. Unapata magunia zaidi ya milioni 2.3, na hizo ni kilo milioni 210. Fedha ni zile zile, punguzo ni lile lile la nusu, na chakula kimezidi kwa kilo milioni 77. Tofauti yote iliingia kwenye gharama za kukoboa, kufunga, kusafirisha na kupanga rafuni, gharama ambazo maskini wa nchi hii aliacha kuzilipa zamani.

Tena kilo ya nafaka na kilo ya pakiti hazilingani. Kiwanda kikikoboa hutoa ganda na kiini, na hivyo huuzwa kuwa chakula cha ng'ombe na kuku. Mashine ya posho husaga punje nzima. Mama anapofika nyumbani huutandaza ule unga ungali moto, kwa sababu ukifungiwa kwenye ndoo ukiwa na joto hutoa jasho na kuvunda. Ukipoa huupitisha kwenye chekecheke ikiwa kuna mgonjwa au mtoto mdogo, na makapi yanayobaki huwapa kuku wake mwenyewe. Hakuna kinachopotea. Hiyo ni teknolojia ya kubana matumizi iliyokamilika, imekuwepo mtaani miaka yote, na mpango wa Julai uliitazama kana kwamba haipo. Baya zaidi, popote pakiti ya 100 ilipopatikana kweli, mwenye mashine ya posho ndiye aliyepoteza wateja. Serikali ilitumia kodi kushindana na njia iliyo nafuu kuliko yake.

Kuna jambo jingine ambalo limenikera miaka mingi nami sitachoka kulirudia. Ruzuku ya unga humfungia mpishi mlango. Ukimpa mtu unga umeshamwamulia kwamba atasonga ugali au atakoroga uji. Ukimpa mahindi, uamuzi unabaki kwake. Leo atachemsha githeri kwa maharagwe aliyoyaloweka tangu jana usiku, maana ukiloweka unaokoa makaa, na kwenye bajeti ndogo makaa ni sehemu ya chakula. Kesho atasaga nusu gorogoro. Kesho kutwa, kama ni Mkamba, atatwanga muthokoi, na familia itakula bila kuonana na mwenye mashine. Sufuria moja kubwa ya githeri hulisha watoto mchana, na jioni ikakaangwa upya kwa kitunguu na nyanya moja. Hakuna pakiti inayoweza kufanya hivyo. Anayeishi kwa kidogo anahitaji chakula chenye njia nyingi, na nafaka ndiyo yenye njia nyingi kuliko chakula chochote tulicho nacho.

Wataalamu watanijibu kwamba unga wa pakiti umeongezwa vitamini na madini, na kwamba sheria imelazimisha hivyo tangu 2012. Ni kweli, na ni sheria nzuri. Watasema pia kwamba gorogoro ina sumukuvu. Hapo nasita kidogo, kwa sababu Novemba 2019 KEBS yenyewe, shirika la viwango, ilipiga marufuku chapa tano za unga wa pakiti kwa sumukuvu hiyo hiyo. Sumukuvu huzuiwa ghalani, kwa kukausha mahindi mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5, na mashine za kukaushia ziko kwenye maghala ya NCPB, bodi ya taifa ya nafaka. Hiyo ingekuwa sababu nyingine ya kuyapitisha mahindi ghalani na kuyatoa yakiwa makavu, yamekaguliwa.

Hoja ngumu zaidi ni ile ya usimamizi. Wenye viwanda wanahesabika. Unawaita chumbani, wanatia saini, unawalipa. Wauza gorogoro ni maelfu, na baadhi yao, tuseme ukweli, hubonyeza kitako cha kopo ili kibaba kipungue. Nani atawasimamia? Jibu langu ni kwamba bei ya sokoni haihitaji kusimamiwa ikiwa mahindi ni mengi. Mwaga nafaka ya kutosha kwa bei ya chini kutoka ghalani, ipimwe kwa mizani, na muuzaji wa kopo lililobonyezwa atamuuzia nani? Kule kwenye pakiti usimamizi ulikuwepo, saini zilikuwepo, notisi zilikuwepo, na bado rafu zilikauka. Wenye viwanda walilalamika kwamba malipo yanachelewa, na mtu anayedai serikali hakimbilii kusaga zaidi.

Tuliwahi kufanya vizuri zaidi ya hapo. Mvua ndefu za 1984 zilipokataa, serikali ya Moi, ambayo ina madoa yake mengi, haikungoja. Iliagiza mahindi mapema, na meli zikaja Mombasa na yale mahindi ya manjano ya Marekani ambayo kila aliyeishi miaka hiyo anayakumbuka kwa rangi na ladha. Watoto waliyanung'unikia, na wazazi waliyanung'unikia vilevile, lakini yalikuja yakiwa mahindi. Mama zetu waliyachanganya na meupe kidogo waliyobakiza, wakayasaga, wakayachemsha na kunde, wakaongeza mtama pale ulipokuwepo, na nchi ikavuka ukame mbaya bila kuzika watu wengi kwa njaa. Waliokaa kwenye kamati za mwaka ule walijua kwamba kazi ya serikali ni kuleta nafaka, na kazi ya kuibadilisha kuwa chakula ina wenyewe. Nawaweka akina mama wale wa 1984 mbele ya mpangaji yeyote wa 2022.

Na 2022 haikuwa mara ya kwanza kuiacha hekima hiyo. Mei 2017 ilikuwa pakiti ya shilingi 90, ile yenye maandishi ya serikali, na mwaka huo kosa lilikuwa wazi hata zaidi. Serikali ilikuwa na mahindi ya nje mikononi na iliwauzia wenye viwanda gunia kwa 2,300. Gawanya tena kwa 45: shilingi 51 kwa kilo mbili. Mahindi ya shilingi 51 yalikuwa yamefika nchini, yakaelekezwa kiwandani, yakatoka kwa 90. Gorogoro hiyo hiyo ingeuzwa Kawangware au Kondele kwa shilingi 60, muuzaji akapata chake na mwenye mashine akapata chake. Tulilisema wakati ule. Miaka mitano baadaye wakalirudia kwa bei ya juu zaidi.

Hata tarehe zenyewe zilipingana na jiko. Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huanza kuvunwa Oktoba. Julai na Agosti ni miezi ya kukaza mkanda, na Septemba ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ada ya shule na njaa hugongana mlangoni. Mpango wa wiki nne ulioanza Julai 20 ulikwisha kabla ya mahali penyewe pagumu. Mwenye gari na fedha mkononi angeweza kuzunguka duka hadi duka, akakusanya furushi zima la pakiti 12 na kuvuka hadi mavunoni. Mwenye shilingi mia kwa siku hawezi kuweka akiba ya bei nafuu. Yeye hununua bei ya leo, na ya leo ikipanda amepandiwa. Ruzuku fupi daima humfaidi mwenye kabati.

Nakubaliana na hukumu ya Kasarani kwamba fedha zile hazikufika. Sikubaliani na sababu iliyotolewa, kwamba kumpunguzia mlaji bei ni kosa lenyewe. Mbolea iliyoshushwa Septemba hiyo hiyo kutoka 6,500 hadi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50 ilikuwa hatua sahihi, lakini mbolea hiyo ni ya shamba la msimu unaofuata, na kati ya kupanda na kuvuna kuna miezi ambayo sufuria haingoji. Ghala la NCPB lipo Nairobi, lipo Nakuru, lipo Kisumu, lipo Eldoret. Bei ikipanda tena mwezi wa Juni, milango hiyo ifunguliwe kwa mtu mwenye mfuko wa nailoni na shilingi 80, apimiwe kilo zake mbili kwenye mizani, na mpango udumu hadi gunia la kwanza la mavuno mapya lishuke kutoka Kitale.