Uhakiki wa Istilahi za Kishikwambi Katika Kazi za Kitaalamu

Katika makala hii tunakusudia kuchambua baadhi ya istilahi anazokutana nazo mfanyakazi anapotimiza wajibu wake kwa kutumia kishikwambi na programu zake. Hatukusudii kueleza ubora wala bei ya vyombo hivyo. Shabaha yetu ni lugha iliyoandikwa kwenye kioo anachokigusa karani, mganga, mwalimu au bwana shamba. Hoja yetu ni kwamba jina la chombo limekwisha kupatikana, lakini maneno ya vitendo vinavyofanyika ndani ya chombo hicho bado yamevurugika, na mvurugiko huo unaidhuru kazi yenyewe.

1. Jina la chombo

Majina matatu yamekuwa yakishindana: tabuleti, kompyuta kibao na kishikwambi. Tabuleti ni neno la kutohoa, na wasemaji wengi hulitamka bila taabu. Kasoro yake ni kwamba neno hilo la Kiingereza ndilo pia jina la kidonge. Zahanati inayoandikiwa kwamba itapokea tabuleti hamsini haitajua kama ijiandae kupokea dawa au mitambo.

Kompyuta kibao, jina linalotumika katika programu nyingi zilizotafsiriwa, lina sifa ya kujieleza. Hata hivyo ni refu, na msemaji akilifupisha hubakiwa na kibao, neno ambalo tayari limebeba mzigo mkubwa: kuna kibao cha kuelekeza njia, kibao cha shavuni, na kibao kipya cha bendi ya muziki.

Kishikwambi nacho hakijielezi chote. Sehemu ya kushika iko wazi; sehemu ya mwisho humkumbusha msomaji kuwamba ngozi juu ya ngoma, lakini hailazimishi maana hiyo. Pamoja na hayo neno hili halina maana nyingine ya kugombana nayo, na limeingia katika ngeli ya ki-/vi- bila vurugu.

Kwa maoni yetu, lililoamua shauri hili Tanzania halikuwa hoja ya wanaisimu. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, makarani walitumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na wakahesabiwa watu 61,741,120. Baada ya sensa, vishikwambi vikagawiwa walimu. Neno lilifika mkononi mwa mtu pamoja na kitu chenyewe, na siku ileile likawa na kazi ya kufanya. Linalobaki ni tahajia: iandikwe kishikwambi, wala si kishkwambi.

2. Kuhifadhi, kutuma na kuwasilisha

Tukiingia ndani ya chombo, hali ni tofauti. Tuchukue mfano wa mhudumu wa afya aliyezitembelea kaya kumi na mbili mahali pasipo na mtandao. Kila alipomaliza kaya moja aligusa kitufe kilichoandikwa "Hifadhi". Kwa Kiswahili cha kawaida, kitu kilichohifadhiwa kimekwisha kuwa salama. Mwenye mali hana wasiwasi tena. Lakini katika programu nyingi za kukusanyia taarifa, kuhifadhi ni kuweka taarifa ndani ya kishikwambi kile kile tu. Chombo kikianguka mtoni kabla ya kutuma, kaya zote kumi na mbili zimepotea.

Ugumu unazidi pale programu moja inapotumia "Tuma" na nyingine "Wasilisha" kwa kitendo kimoja, au programu hiyo hiyo inapotumia maneno yote mawili bila kupambanua. Hapa vimo vitendo vitatu: kuweka ndani ya chombo, kupeleka nje ya chombo, na kukabidhi kwa namna ambayo mfanyakazi hawezi tena kusahihisha. Kiswahili kina maneno matatu yanayotosha kabisa, yaani hifadhi, tuma na wasilisha. Kilichokosekana ni mgawanyo wa kazi baina yao.

Neno sawazisha, linalotumika kwa kitendo cha kuzifanya taarifa za kishikwambi na za makao makuu zilingane, twaliona ni teuzi zuri. Mtu yeyote aliyesikiliza mpira redioni anajua kwamba timu iliyosawazisha imekuwa sawa na mwenzake. Kadhalika pakua limefaulu: anayepakua chakula hukitoa chunguni akakiweka kwenye sahani yake, na ndivyo anavyofanya anayeitoa programu mtandaoni akaiweka katika chombo chake.

3. Tatizo la "Ghairi"

Ghairi ni neno zuri la Kiswahili, na maana yake ni kubadili nia. Limewekwa kwenye kitufe cha kuachia jambo njiani, na kwa kawaida linafaa. Linaharibika pale swali lenyewe linapohusu kughairi. Mfanyakazi akiulizwa, "Je, unataka kughairi utumaji?", kisha akapewa vitufe viwili, "Ghairi" na "Sawa", afanye nini? Akigusa "Ghairi", ameghairi utumaji au ameghairi kughairi? Kasoro hii imo hata katika Kiingereza, na mfasiri ameirithi kwa uaminifu usiostahili. Dawa yake ni nyepesi: kitufe kitaje tendo lenyewe, "Acha kutuma" na "Endelea kutuma". Mfasiri anayetafsiri neno moja moja, bila kuonyeshwa swali linaloambatana nalo, hawezi kuligundua tatizo hili.

4. Upatanisho wa kisarufi

Kasoro nyingine hutokana na namna programu zinavyoandikwa. Mwandishi wa programu huacha pengo katika sentensi, na mashine hulijaza kwa jina lolote. Katika lugha isiyo na ngeli jambo hili halina madhara. Katika Kiswahili tunapata "Dodoso imetumwa", "Mgonjwa imeongezwa" na "Kijiji imefutwa". Wako wanaosema kwamba ujumbe unaeleweka, na hilo latosha. Hatukubaliani nao. Mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi kwa kusema "mgonjwa imeongezwa" hawezi kushika chombo cha serikali kinachosema hivyo hivyo mbele ya darasa.

Wala hapana haja ya kuisubiri mashine ijifunze ngeli. Sentensi ipangwe ili jina lenye kutawala upatanisho lisibadilike: "Utumaji umekamilika: dodoso", "Nyongeza imepokelewa: mgonjwa". Jina linalobadilika likae mwishoni, mahali ambapo halidai kiambishi.

5. Somo kutoka kwa wakala

Huenda ikadaiwa kwamba Kiswahili bado hakijawa tayari kwa kazi hizi. Dai hilo limejibiwa vibandani. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, watu wasiohesabika wamekuwa wakituma, wakiweka na wakitoa pesa, wakiuliza salio na kumwendea wakala, bila kuhitaji kamusi. Maneno hayo yote yalikuwapo kabla ya simu. Kutoa kulikuwa na maana nyingi. Lakini kwa kuwa katika huduma hiyo neno limetumika kwa tendo moja tu, siku zote, hakuna anayekwenda kwa wakala kutoa pesa akaogopa kwamba anazigawa sadaka. Uthabiti wa matumizi ndio uliolipa neno nguvu, kuliko ugeni au upya wake.

6. Mapendekezo

Kwanza, kila programu inayonunuliwa au kutengenezwa kwa kazi za umma iambatane na orodha fupi ya vitenzi vyake, kila tendo neno moja. Tunapendekeza: hifadhi kwa kuweka ndani ya chombo, tuma kwa kupeleka nje, wasilisha kwa kukabidhi kusikorekebishika, futa kwa taarifa, na ondoa kwa programu.

Pili, mfasiri aonyeshwe kioo kizima, asipewe maneno yaliyokatwakatwa.

Tatu, istilahi zijaribiwe na watakaozitumia kazini kabla hazijachapwa. Iwapo mhudumu wa afya ataeleza kwa maneno yake mwenyewe taarifa zake ziko wapi baada ya kugusa kila kitufe, istilahi imefaulu. Akishindwa, irudishwe mezani, hata kama asili yake ni safi kiasi gani.

Wasomaji walio katika zahanati, shule na mashamba wanaombwa watuletee maneno wanayokutana nayo kwenye vishikwambi vyao, pamoja na sentensi kamili yanamotokea.