Kambale Hayupo, au Hajatafutwa?

Programu ya saraka ya majina haipimwi siku ambayo umeme upo, mtandao uko imara na seva ina nafasi tele. Siku hiyo zote huonekana nzuri. Ipime wakati rasilimali zimepungua, kwa swali moja: je, inatofautisha kati ya "jina hili halipo" na "nimeshindwa kulitafuta"? Isiyotofautisha siipokei, hata kama sura yake inavutia vipi.

Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, ni mahali pazuri pa kufanyia kipimo hicho. Wanande wa huku humpa mtoto jina kwa mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira. Chuo au hospitali kubwa ya huku inaweza kuwa na akina Kambale mamia kwa mamia. Sasa OpenLDAP, seva ya saraka inayotumika sana duniani, usipoigusa mipangilio yake hurudisha majina 500 tu kwa ombi moja, kisha hutuma kosa namba 4: kikomo cha idadi kimefikiwa. Active Directory ya Microsoft hukomea 1,000. Penye majina ya kila namna, fundi anaweza kukaa miaka bila kukutana na namba 4. Huku atakutana nayo mapema.

Programu mbovu huonyesha hao 500 na kunyamaza. Karani anamtafuta Kambale ambaye angekuwa wa 512, hamwoni, anamwandikisha upya, na tangu hapo mtu mmoja ana mafaili mawili na historia yake imekatika katikati. Kwa programu za Java, ugonjwa huu una alama yake ndani ya msimbo. Majibu yakipitiwa kwa hasMoreElements, maktaba ya Java ya LDAP, yaani lugha ambayo programu huiulizia saraka, hulimeza kosa na kujibu kwamba majina yamekwisha. Yakipitiwa kwa hasMore, kosa hutoka nje na mwandishi wa programu hulazimika kulishughulikia. Mimi huanza kukagua hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Huna msimbo? Weka kikomo cha seva kiwe 5, ingiza akina Kambale 6 wa majaribio, kisha tafuta. Skrini ya fundi hodari itasema: "Majina 5 yameonyeshwa, yapo mengine, ongeza jina la pili au mwaka wa kuzaliwa." Aliyebobea zaidi atakuwa ameomba majibu kurasa kwa kurasa, njia iliyowekwa kwenye kanuni za LDAP tangu 1999. Ukiona watano tu pasipo neno lolote, umeshapata jibu lako.

Kipimo cha pili ni namba za makosa. Katika LDAP, 32 ni kitu hakipo. 51 ni seva imelemewa. 52 ni seva haipatikani. Java nayo imetenga kosa lake la upungufu wa rasilimali, InsufficientResourcesException, na kosa jingine kabisa la jina lisiloonekana. Mwandishi mvivu huyadaka yote kwa pamoja na kurudisha orodha tupu. Huo ni uongo, na uongo wa namna hiyo husafiri. Kwenye DNS, saraka ya majina ya intaneti, jibu la "jina halipo" linaweza kuhifadhiwa na seva nyingine kwa saa kadhaa, ilhali jibu la "nimeshindwa" kanuni ya 1998 imekataza lisihifadhiwe zaidi ya dakika 5. Walioiandika walijua kwamba kushindwa ni kwa muda.

Watu wa huku hawahitaji kuelezwa uzito wa orodha. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iliua watu 2,287, na kila aliyemgusa mgonjwa ilibidi jina lake lifuatiliwe siku 21. Katika kazi ya namna hiyo, jina lililokosekana na orodha iliyokatika njiani ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kisha angalia umeme unaporudi baada ya kukatika, kompyuta zote zikiwaka kwa pamoja na kuiendea seva ambayo nayo ndiyo kwanza inaamka. Programu nzuri husubiri muda wa kubahatisha, hurefusha muda huo kila ikishindwa, na hatimaye hukoma na kumwambia mtumiaji. Inayorudia kila sekunde huiangusha seva tena. Kagua pia kama miunganisho hufungwa kazi ikiisha. Isipofungwa, upungufu umetengenezwa na programu yenyewe.

Mwisho soma kumbukumbu za makosa. Kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita 50 na kitu, lakini barabara hiyo si ya kufungia safari wakati wowote, na mara nyingi fundi atatibu kwa simu. Mstari mmoja umtoshe: saa, jina lililotafutwa, namba ya kosa, rasilimali iliyokwisha, na kama imeisha kwenye seva au kwenye kompyuta iliyouliza.