Printa za HP: kasi ilipatikana kwa kupunguza kusubiri

Mwaka 2008, kitengo cha HP kinachoandika programu zinazoendesha printa za LaserJet kilikuwa na wahandisi wapatao 400 Marekani, Brazil na India. Hata hivyo, bidhaa mpya zilikwama zikisubiri programu.

Gary Gruver, mmoja wa viongozi wa kitengo hicho, na wenzake walianza kwa kuhesabu nguvu kazi inaishia wapi. Asilimia 25 ya gharama ilikwenda kuhamisha msimbo kutoka aina moja ya printa hadi nyingine, na 25 nyingine kuhudumia bidhaa zilizokwisha kuuzwa. Mipango ya kina ilichukua 20, majaribio ya mkono 15, kuunganisha kazi za wahandisi 10. Ubunifu uliambulia asilimia 5.

Hesabu hiyo ilionyesha pa kukata. Kila aina ya printa ilikuwa na tawi lake la msimbo, hivyo kosa moja lilirekebishwa mara nyingi. Wakaandika msimbo mmoja kwa printa zote, na tofauti za printa wakaziweka kwenye faili la mipangilio.

Kisha wakageukia majaribio. Wakaunda programu za kuiga printa, ili msimbo upimwe kwenye seva usiku na mchana bila kungoja mashine halisi. Badiliko lililoharibu kazi ya wengine liliondolewa mara moja. Majaribio kamili, yaliyokuwa yakichukua wiki 6, yakamalizika kwa saa 24.

Siri ya mafanikio iko hapo. Anayejulishwa kosa lake kesho yake bado anakumbuka alichoandika na kwa nini. Anayejulishwa baada ya wiki 6 huanza kuusoma msimbo wake kama wa mgeni, na huenda wenzake wamekwisha kujenga juu ya kosa hilo.

Kufikia 2011, ubunifu ulikuwa umepanda hadi takriban asilimia 40, na gharama za uendelezaji zilikuwa zimeshuka kwa takriban asilimia 40 pia. Ilichukua miaka mitatu, na sehemu kubwa ya msimbo iliandikwa upya; si dawa ya wiki moja.

Kiongozi wa timu, kabla hujaomba wahandisi zaidi au kuongeza kikao, andika kwa mwezi mmoja saa za timu yako zinaishia wapi. Palipo na kusubiri kurefu kuliko kote, anzia hapo.